Redio Ikinyamaza Ziwani

Kwa askari wa doria katika mwambao wa Nyanza-Lac, kusini mwa Burundi, redio ni sikio la pili. Boti ikipatwa na dhoruba katika Ziwa Tanganyika, wito wake huweza kufika ukiwa dhaifu, hasa mlima ukisimama katikati. Skwelchi, yaani kizuizi cha mvumo, ikikazwa mno huufungia wito nje pamoja na kelele. Ikilegezwa mno, mvumo hulichosha sikio.

Basi redio ikinyamaza, hatuna budi kwanza kuifungua skwelchi. Sauti ikijitokeza, kosa lilikuwa la kukaza. Mvumo mtupu ukisikika, kipokezi ki hai: tukague chaneli, waya na antena. Kimya kikiendelea, tutazame betri na spika. Mwisho, tukaze hadi mvumo ukome, tusipite hapo. Kimya si amani daima.