Kwa nini askari aliyepatwa na sumu huvuliwa nguo kwanza

JERAHA la risasi huonekana papo hapo, lakini sumu ya vita yaweza kukaa mwilini mwa askari kwa saa kadhaa kabla yeye au daktari wake kuitambua.

Ndiyo maana majeruhi anayeshukiwa kugusana na silaha za kemikali hupaswa kuvuliwa nguo na kuoshwa kabla ya kuingizwa wodini.

Hasara ya kukosa kufanya hivyo ilidhihirika katika bandari ya Bari, kusini mwa Italia, usiku wa Desemba 2, 1943, ndege za Ujerumani ziliposhambulia meli za Mataifa Washirika. Mojawapo, John Harvey ya Marekani, ilikuwa imebeba kwa siri takriban mabomu 2,000 ya gesi ya haradali.

Meli hiyo ililipuka, na waliokuwamo wakijua siri hiyo wakaangamia nayo. Sumu ilichanganyika na mafuta yaliyotapakaa baharini, na mabaharia wakaopolewa wakiwa wamelowa mchanganyiko huo.

Hospitalini, waliojeruhiwa vibaya walishughulikiwa kwanza. Wengine walifunikwa mablanketi na kupewa chai, wakiwa katika nguo zilezile. Saa chache baadaye macho yao yalivimba na ngozi ikatoka malengelenge.

Kati ya wanajeshi na mabaharia 628 waliolazwa kwa sumu hiyo, 83 walifariki. Daktari Stewart Alexander wa jeshi la Marekani, aliyetumwa kuchunguza, ndiye aliyebaini chanzo.

Haradali hupenya ngozi kwa dakika chache, ilhali maumivu huja baada ya saa nyingi. Anayengoja dalili huwa amechelewa.

Kuvua nguo pekee huondoa sehemu kubwa ya sumu. Nguo hukatwa kwa mkasi ili zisipitishwe usoni, kisha mwili huoshwa kwa maji mengi na sabuni. Wahudumu nao huvaa barakoa na mavazi ya kujikinga, na eneo safi huwekwa upande unakotoka upepo.

Hata hivyo, damu inayobubujika huzuiwa bila kungoja, na aliyepatwa na sumu ya neva hudungwa dawa ya atropini hata kabla ya kuoshwa.

Huko Bari, maji na sabuni vingaliokoa wengi, lau madaktari wangaliambiwa mapema meli ile ilibeba nini.