Fremu ya kuchapia picha juani

Zile ramani za nyumba za zamani, za buluu yenye mistari myeupe, zilichapwa kwa njia aliyoivumbua Mwingereza John Herschel mwaka 1842. Mwaka uliofuata Anna Atkins akaitumia kuchapa picha za mwani kitabuni. Leo wapo wapiga picha, hata vijana wenye kamera za dijitali, wanaoirudia kazi hiyo kwa mikono yao. Hao ndio ninaozungumza nao juma hili, maana wengi hununua dawa na karatasi kwa bei ya kuumiza, kisha wakaviharibu kwa fremu mbovu.

Hapa hakuna mashine ya kukuza. Picha hutoka na ukubwa ule ule wa negativu. Negativu hulazwa juu ya karatasi iliyopakwa dawa, kioo kikavifunika, vikaanikwa juani. Pakiwapo mwanya kati yake, mwanga hupenya kiubavu na picha hutoka na ukungu. Kazi ya fremu, basi, ni kubana.

Je, fremu ya kutundika ukutani yafaa? Hubana kingo, katikati hulegea. Tena mgongo wake ni kipande kimoja. Niliwahi kuitumia: nikafungua kuchungulia kama rangi imeiva, nikafunga, nikapata mnazi wenye makuti mawili mawili. Negativu ilikuwa imesogea.

Fremu ya kweli ina mgongo wa vipande viwili vilivyoungwa kwa bawaba, kila kimoja na springi yake. Wafungua nusu, wainua karatasi, waangalia. Nusu ya pili imeshikilia kila kitu pale pale. Jaribu dukani: tia karatasi, fungua nusu, ivute taratibu. Ikisogea, usilipe.

Kioo cha kawaida cha dirisha chatosha, mradi kisiwe na mikwaruzo. Kile kinachouzwa kwa kukinga picha zisipauke kiache kabisa, kwani huzuia miale ya urujuanimno, na dawa hii huitegemea miale hiyo hasa.

Fremu ipite negativu kwa inchi moja hivi kila upande. Usikimbilie kubwa mno. Inavyopanuka ndivyo katikati inavyolegea. Kitambaa kinene cha sufu nyuma ya karatasi husaidia.

Seremala mzuri aweza kukutengenezea. Mwambie tu ubao uwe mkavu, maana mbao mbichi zikipigwa na jua hupinda, na kioo kikapasuka.