Njia ya Kurudia: Televisheni, Mchezo na Mtoto wa Nzega

Mwezi wa Juni 1857 Burton na Speke waliondoka pwani pamoja na wapagazi wao. Walifika Kaze, yaani Tabora ya leo, mwezi wa Novemba. Mtu wa Unyanyembe aliyepeleka swali pwani kwa msafara alihesabu miezi kabla ya kupata jibu. Leo mwanafunzi wa Nzega mwenye simu na mtandao hupata jibu kutoka ng'ambo kufumba na kufumbua. Je, katika michezo ya watoto kufumba na kufumbua kunatosha?

Televisheni ya kawaida ni njia ya upande mmoja: kituo husema, mtazamaji husikiliza. Mwanzoni mwa karne hii makampuni ya Marekani yenye vituo vya watoto yalianza kujenga njia ya kurudia. Disney walifungua mchezo wa Toontown mwaka 2003, Nickelodeon wakafungua Nicktropolis mwaka 2007, na Cartoon Network wakafungua FusionFall mwaka 2009. Watoto wengi waliingia kwa pamoja katika mji mmoja wa kubuni, kila mmoja na umbo lake la katuni.

Mji huo hukaa katika kompyuta kuu iitwayo seva. Mtoto akibonyeza kitufe ili katuni yake iruke, habari huenda kwenye seva. Seva huamua kilichotokea, kisha huwaarifu wachezaji wote. Tuseme seva iko London, kiasi cha kilomita 7,000 kutoka Nzega kwa mstari ulionyooka. Nuru katika nyuzi za kioo za mkongo husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi ni kilomita 14,000, yaani sekunde 0.07. Kwa kuwa mkongo hupinda na mitambo ya njiani huchelewesha, muda halisi huzidi hapo. Basi katika mchezo wa kasi mtoto wa Nzega huonekana mzito, ingawa vidole vyake ni vyepesi kama vya mwenzake wa London.

Mchezo wa bao hauna taabu hiyo, kwa sababu huchezwa kwa zamu. Shirika la Ubongo, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2013, lilifuata njia inayofanana na hiyo. Kipindi chake cha Ubongo Kids, kilichoanza kuonyeshwa mwaka 2014, kiliwauliza watoto maswali ya hisabati na sayansi, nao wakaweza kujibu kwa ujumbe mfupi wa simu ya kawaida. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160 za biti 7 kila moja, yaani biti 1,120 au baiti 140. Mzigo huo ni mdogo, na ukichelewa sekunde tano hakuna anayeonewa.

Hata hivyo, njia ya kurudia hubeba pia maneno ya mtoto, na mgeni asiyejulikana aweza kuipita. Ndiyo maana Toontown iliwapa watoto sentensi zilizokwisha tungwa wachague za kuzungumzia. Tena, mji wa kubuni una mwenyewe. Toontown na FusionFall zilifungwa na wenyewe mwaka 2013. Mji wa kale uliohamwa huacha mahame. Mji wa seva ukizimwa, mtoto aliyeujenga kwa miaka hana pa kurudi.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili bila kompyuta. Wapange wanafunzi 20 wameshikana mikono, wa kwanza ambinye wa pili, naye ambinye wa tatu, hadi mwisho na kurudi. Pimeni muda kwa saa, kisha ongezeni wanafunzi mpime tena. Baada ya hesabu, lijadilini swali hili: mchezo wa watoto wa Nzega ukitungwa, seva yake ikae wapi, na ufunguo wake ashike nani?