Vijidudu vya Bwawani Wanakula Kiasi Gani? Pima kwa Chupa Mbili

Vijana wafugaji wa kambale, Saadani mpaka bonde la Wami: vifaranga wenu wanakula zuplanktoni, wale vijidudu wanaorukaruka majini. Nao wanakula ukijani. Ukijani ukiisha, vijidudu wanakufa, vifaranga wanabaki na njaa.

Chota lita 2 za maji ya bwawa. Lita 1 tia chupani ilivyo. Nyingine chuja kwa kitambaa chepesi, vijidudu wabaki nje. Weka zote gizani, penye ubaridi, saa 24, ili ukijani usiongezeke.

Kesho yake tikisa, chuja na ile ya kwanza. Sasa pima glasi 1 ya chupa iliyochujwa jana, ongeza maji safi mpaka rangi zilingane. Yakiingia glasi nzima, wamekula nusu kwa siku! Ongeza samadi kidogo kidogo. Samaki wakihema juu alfajiri, acha kwanza.