Saa 900 za Kiojibwe

Dola bilioni 23.3. Kwa thamani ya dola ya 2023, ndizo fedha ambazo Serikali ya Marekani ilitenga kati ya 1871 na 1969 kwa shule za bweni za watoto wa wenyeji na sera zilizokwenda nazo za kuwafanya wasahau kwao. Serikali hiyohiyo ndiyo iliyopiga hesabu hii, katika ripoti ya 2024. Mtoto aliyeteleza akaongea lugha ya mama yake aliadhibiwa.

Kazi ilifanyika barabara. Waojibwe wanaishi kuzunguka Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, Marekani na Kanada. Upande wa Marekani, waliokulia lugha hiyo tangu utotoni hawafiki 1,000, na wengi wao ni wazee. Kanada kuna nafuu: sensa ya 2016 ilihesabu wazungumzaji zaidi ya 28,000.

Desemba 2024 White House ikatangaza mpango wa miaka 10 wa kufufua lugha za wenyeji. Bei yake: dola bilioni 16.7, tena kwa lugha zote, si Kiojibwe peke yake. Hata zikitoka zote hazifikii zilizotumika kubomoa. Na mpango si bajeti. Fedha za Marekani hutolewa na Bunge.

Tuseme basi fedha zimetoka. Zinunue nini? Saa.

Chuo kinachowafunza lugha wanadiplomasia wa Marekani kimekikadiria Kiswahili saa 900 hivi za darasani. Tukipe Kiojibwe saa hizohizo, ingawa nadhani tunakipunguzia. Sisi tungekuwa na ahueni kidogo: gizaagi'in ni nakupenda, anayependa na anayependwa wote wamekaa ndani ya kitenzi kimoja. Shida ni ngeli. Kwa sarufi yao rasiberi ina uhai, stroberi haina, na kitenzi hubadilika kufuata.

Sasa gawanya. Kwa saa 2 kwa wiki, darasa la jioni lile la wenye nia njema, saa 900 ni wiki 450, karibu miaka 9. Mzee wa miaka 80 hawezi kukusubiri. Ukikaa naye saa 20 kwa wiki, ni wiki 45. Ila nani atakulipia kodi ya nyumba wiki zote hizo, na mzee naye atalipwa nini? Hapo ndipo dola zinapohitajika hasa, kuliko kwenye majengo na programu za simu.

Kwa watoto hesabu ni tamu zaidi. Wisconsin inazitaka shule za umma kufundisha saa 1,050 kwa mwaka kuanzia darasa la 1 hadi la 6. Ratiba ya namna hiyo ikiendeshwa kwa Kiojibwe, mtoto anavuka 900 kabla ya mwaka kwisha. Ndilo wazo la Waadookodaading, shule ya Waojibwe wa Lac Courte Oreilles katika jimbo hilo, yenye jina linalomaanisha mahali tunaposaidiana. Theluji inapoanza kuyeyuka, watoto huenda msituni kugema utomvu wa mti uitwao ininaatig, kama mgema na mnazi wake, ila huku hakuna kupanda juu. Lita 40 za utomvu huchemshwa hadi ibaki lita 1 ya shira. Uwiano, mvuke na majina ya vyombo vinafundishwa kwenye sufuria moja.

Kinachokwamisha shule za aina hii ni walimu. Wazee wanaoijua lugha hawana vyeti vya ualimu, na wenye vyeti wengi hawaijui. Vitabu vya hesabu na sayansi navyo lazima mtu akae avitunge.

Agosti 2024, mjini Winnipeg, filamu ya kwanza ya Star Wars ilioneshwa ikiwa imeingizwa sauti za Kiojibwe. Watu walishangilia, na walikuwa na haki. Ina dakika 121. Zinabaki saa 898.