Falaji ya Misfat na Swali la John Wilkinson

Mtu akipanda kutoka Al Hamra hadi Misfat al Abriyeen, huyaona maji kabla hajajua yanakotoka. Hupita katika mfereji mwembamba wa mawe, kando ya nyumba za kale, yakinywesha mitende na migomba. Mfereji huo ndio falaji. Nani aliyeianzisha mifereji ya namna hii? Wazee wa Oman husimulia kwamba Nabii Suleiman bin Daud aliwaamrisha majini wachimbe elfu kumi kwa siku kumi.

John C. Wilkinson, Mwingereza aliyefanya kazi ya mafuta huku Ghuba kabla ya kusomesha Oxford, alilitafuta jibu katika historia. Katika kitabu chake cha 1977 juu ya maji na makazi ya makabila, alieleza kwamba ufundi wa falaji uliletwa na Waajemi wa kale, na kwamba dola ya Wasasani, mahasimu wa Roma katika karne zake za mwisho, iliuendeleza sana. Waarabu waliishika nchi pamoja na maji yake.

Baadaye waakiolojia walifukua, upande wa Al Ain, mifereji ya takriban miaka 3,000, ya kabla ya dola yoyote ya Kiajemi. Katika hilo Wilkinson amesahihishwa. Lakini aliuliza pia swali la pili: maji hugawanywaje? Zamu hupimwa kwa athar, yaani karibu nusu saa, na zamani ilipimwa mchana kwa kivuli cha jua na usiku kwa nyota. Fungu hurithiwa, huuzwa, au huwekwa wakfu kwa msikiti. Wakili ndiye msimamizi.

Kutoka kwenye mafungu hayo Wilkinson aliyafahamu makabila, na kutoka kwenye makabila akauandikia uimamu (1987) na chimbuko la Uibadhi (2010). Mwaka 2015 alitoa kitabu juu ya Waarabu wa Oman katika Afrika Mashariki na Kongo, wakati Wazungu walipoligawana bara.

Hapo ndipo kazi yake inapotugusa sisi ambao wazee wetu walivuka bahari. Aliyehamia Unguja aliacha nyuma ndugu, mitende na pengine zamu ya maji. Basi, ukikuta sandukuni karatasi ya zamani inayotaja athar, usiitupe. Msomee mzee anayezijua falaji za kwenu, kwani huenda humo limo jina la babu yako na la mji alioutoka.