Harufu ya Kuungua Garini



Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kila apandaye gari huenda akakutana nalo: harufu ya kuungua katikati ya safari. Tutwae mfano wa gari la abiria litokalo sokoni Mwanakwerekwe kwenda Fuoni, limejaa watu, makapu ya samaki na magunia ya muhogo. Mama aliyekaa nyuma asema, "Bwana dereva, mbona panaungua?" Dereva ajibu kwamba ni majaa yachomwayo kando ya njia, naye azidi kwenda.

Labda ni kweli. Moshi wa majaa na wa matanuu ya chokaa si mambo mageni Unguja. Lakini harufu ya njiani huachwa nyuma baada ya dakika moja au mbili. Ikifuatana na gari, ni ya gari lenyewe, na hapo dereva sharti asimame.

Apunguze mwendo, atoe ishara, atoke barabarani mahali pasipo majani makavu, kwani mabomba ya moshi yaliyo karibu na injini huweza kupita digrii 400 za joto. Kisha azime injini, na abiria washuke wote, wakae mbali, kabla mtu ye yote hajaanza kutafuta sababu. Magari mengi ya abiria yana mlango mmoja tu wa nyuma. Watu waliosongamana hawawezi kutoka kwa mara moja, na moshi haungoji zamu.

Sasa pua ifanye kazi yake. Harufu iliyo kama ya karatasi inayofuka mara nyingi ni ya klachi. Watu hudhani klachi huungua milimani tu, lakini kisiwa chetu hakina milima mikubwa, na klachi zaungua vile vile. Huungua katika foleni ya sokoni, gari likienda hatua kwa hatua na dereva amepumzisha mguu juu ya pedali, hata sahani zikasuguana bila kushikana. Dawa ni kuondoa mguu na kuipumzisha ipoe. Ikiwa injini yanguruma sana na gari haliongezi mwendo, sahani zimekwisha, mwiteni fundi.

Breki nazo hutoa harufu kali ya kuchoma pua. Tazama kwanza kama hendibreki imesahauliwa. Kama sivyo, pitisha mkono karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Lililo na joto kupita mengine ndilo lililokamatwa na breki yake. Usilimwagie maji, kwa maana chuma chenye moto kikipoa ghafula huweza kupasuka. Liache lipoe lenyewe. Tena mafuta ya breki yakichemka hufanya mapovu, na pedali huzama bila kusimamisha gari. Mafuta mapya ya DOT 3 hayachemki kabla ya digrii 205, lakini huvuta unyevu wa hewa mwaka hata mwaka, na yakizeeka huchemka mapema zaidi.

Harufu tamu tamu ni ya maji ya rejeta yaliyotiwa dawa, yanayovuja. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto; maji yale yatakurukia usoni. Oili iliyodondokea bomba la moshi hutoa moshi wa samawati na harufu nzito, na pengine ni ile tu aliyoimwaga fundi asubuhi asiipanguse. Harufu ya mpira pamoja na mlio wa kukereza ni ya mkanda wa injini unaoteleza.

Inayoniogopesha mimi kuliko hizo ni harufu ya plastiki. Yaweza kuwa mfuko tu uliookotwa na bomba la moshi njiani, lakini yaweza kuwa waya za umeme. Fyuzi imewekwa ili ikatike kabla waya haijaungua. Fyuzi ya ampea 10 ni nyekundu, ya 15 ni ya samawati, ya 20 ni ya manjano. Ikatikapo, wengine hutia ya namba kubwa zaidi, au kipande cha waya, nao hufurahi kuona taa zinawaka. Sasa waya yenyewe ndiyo fyuzi, nayo imepita chini ya viti vya abiria! Kama hapana moto, fundisheni madereva wenu kufungua waya wa hasi wa betri. Kama moshi watoka chini ya boneti, msiiinue, kwani moto hutaka hewa. Elekezeni kizima moto penye upenyo, au mkae mbali.

Na harufu ya petroli, ingawa si ya kuungua, ndiyo ya kukimbia. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota petroli, nayo ikalipuka. Walikufa zaidi ya 100. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kufika mbali kuliko mtu anavyofikiri, na cheche moja yatosha. Kwa hiyo petroli ikivuja, msiwashe kiberiti wala sigara, wala msijaribu kuwasha injini tena ili kulisogeza gari. Lisukumeni kwa mikono, au liacheni lilipo mpaka fundi aje.